Kulia ni K, Kushoto ni K

Kuna herufi moja mpaka leo nikiiona imesimama peke yake, juu ya gunia, juu ya mlango, popote, masikio yangu hupata moto, nayo ni K. Nimekaa na aibu hii miaka mingi na nimewaficha hata wanangu, lakini kwa kuwa nyinyi ni wenzangu na kahawa bado ipo, acha nikusimulieni, na mkicheka chekeni mara moja mmalize.

Ilikuwa ile miaka baada ya sisi kuondoka Unguja, mimi na mama yangu, tukapanga vyumba viwili Matrah, mji wa bandari kwa Waarabu, mimi kijana wa miaka ishirini na tatu na Kiarabu changu cha kuombea maji ya kunywa tu (mama akisema nikizungumza na muuza samaki, samaki ndiye anayenielewa kwanza). Nikapata kazi ya useremala kwenye kambi ya kampuni ya mafuta, kule pwani nyuma ya vilima, na mkubwa wa stoo pale alikuwa Ami Khalfan, mzee wa kwetu, mtu wa Wete, mkali, kilemba chake kimefungwa sawasawa tangu asubuhi mpaka jioni hata katika joto la mwezi wa sita. Sasa huyo Ami Khalfan alikuwa na binti anaitwa Moza, na mama yangu alikuwa ameshapeleka maneno ya posa, na jawabu lililorudi ni hili: "Mwanao nnamjua kwa maneno yake. Kwa kazi yake simjui bado. Nipe muda nimtazame." Basi mimi nikawa natazamwa, na kila msumari niliopiga miezi ile niliupiga kwa ajili ya Moza.

Mkubwa wetu Mzungu tulimwita Bwana Mrefu, kwa sababu jina lake lilikuwa gumu na urefu wake ulikuwa rahisi kuuona. Alikuwa na boti ya mashine, na mchezo wake ulikuwa kuvutwa: mtu anavaa mbao mbili ndefu miguuni, anashika kamba, boti inakwenda mbio na yeye anateleza juu ya maji amesimama wima kama hana dhambi. Akaagiza Ulaya jozi tatu za mbao, ndogo za watoto, za kati za mkewe, na kubwa za kwake. Sanduku likaja, tukalifungua, mbao zote sita zimo, lakini viatu vyake, ile mipira ya kuvutika inayofungwa juu ya ubao ili mguu wowote ushike, imekuja jozi moja tu. Kuagiza tena ni kungoja meli, na Bwana Mrefu alikuwa ameshaalika watu Ijumaa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Mombasa (chote cha kuamrisha), "Seif, wewe weza?" Nami nilikuwa na haki kabisa ya kusema siwezi, lakini nikageuka nikamwona Ami Khalfan kasimama mlangoni, nikajisikia nasema, "Naweza, Bwana. Jozi moja itatumika kwa mbao zote."

Na kwa kweli nilifanya kazi nzuri, hilo msininyang'anye. Kila kiatu nilikifunga juu ya bamba jembamba la shaba lenye matundu manne, na juu ya kila ubao nikasimamisha skurubu nne na nati zake zenye masikio, zile za kufungua kwa vidole, ukitaka unatoa kiatu ubao huu unatia ule kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Matundu yote nikayapima sawasawa, bamba lolote likaingia ubao wowote, na hilo nililiona ndio werevu wenyewe. Ikabaki alama. Vile viatu vina mguu wa kulia na wa kushoto, lakini ni mpira mtupu, ukiulaza umelegea hujui upi ni upi. Mwenzangu wa karakana akaniambia tia R na L kama Wazungu, nikakataa, nikamwambia kazi ya mkono wangu itasemwa kwa lugha yangu. Ami Khalfan akapita, akatazama, akasema, "Andika neno zima, Seif." Lakini brashi ilikuwa nene na bamba dogo, neno zima halienei, nikaandika herufi ya mwanzo tu. Kulia, K. Kushoto, K. Na kwenye mbao nako vivyo hivyo. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama kazi yangu, ikanipendeza.

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

"Ijumaa nitakuja kuona," Ami Khalfan akaniambia, "na tukimaliza tutazungumza lile la mama yako."

Ijumaa baada ya sala pwani ikajaa, Wazungu na watoto wao, makarani wa Kihindi, vijana wa karakana, na pembeni chini ya banda la makuti ya mtende wamekaa wanawake wa kwetu, Moza na mama yake wamo (sikuangalia, lakini nilijua amekaa upande gani). Watoto wakavutwa vizuri, kwa sababu viatu nilivifunga nyumbani kwa utulivu nikiwa najua kipi ni kipi. Nikavitoa kimoja kimoja nikavihamishia mbao za mama yao, kila kimoja nikikishika mkononi nisikipoteze, naye akateleza mpaka kwenye majabali na kurudi, watu wakapiga makofi, na Ami Khalfan akatikisa kichwa cha kukubali mara moja. Mara moja, niliihesabu. Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba, maana mara ya tatu nilivitoa viatu vyote viwili kwa mbwembwe, nikavitupa juu ya mchanga, nikafuta mikono kwenye kanzu, nikainama kuviokota.

K. Na K.

Nikatazama mbao kubwa. K, na K. Nikajaribu hata maneno ya wazee, mkono wa kuume na mkono wa kuke, nayo pia K. Mtu mwenye akili angetia mguu akajua, lakini watu wote wananitazama, basi nikafunga tu vyovyote, uso mkavu, kama najua.

Bwana Mrefu akaingia majini, akatia miguu, akaitoa. "Seif, hii mbaya. Mguu napotea."

Dakika mbili zingetosha kuvibadilisha. Lakini Ami Khalfan alikuwa ameshasogea mpaka ukingoni, nikasikia ulimi wangu unasema, "Hapana, Bwana, mpira ukilowa hujibana. Ndivyo ulivyo."

"Basi wewe vaa. Mimi ona."

Nikavua kanzu, nikabaki na fulana na kikoi changu cha buluu, nikakikaza (nilidhani nimekikaza), nikavaa zile mbao ambazo sikuwahi kuzivaa maishani, vidole vya miguu vikatazama nje kama vya bata. Boti ikanguruma, kamba ikakaza, na wallahi nilisimama. Nilisimama kwa muda wa kusema bismillahi, na watu wakapiga makofi. Kisha mguu mmoja ukaanza safari ya Matrah na mwengine ukaanza safari ya Bombei, na mimi katikati nafunguka, na huko nyuma Bwana Mrefu anapiga kelele niache kamba, nami katika kelele zile nikasikia kamba tu, nikaishika zaidi. Nikaburutwa kwa tumbo, nikanywa bahari, na kamba iliponitoka mkononi kikoi kilikuwa kimeshanitoka zamani. Nilikiona kinaelea peke yake, kinakwenda zake.

Nikasimama maji yakiwa kifuani, mbao bado zimenishika miguuni, siwezi kutoka wala kuzama. Halafu kwenye banda kikatoka kicheko kimoja cha mwanamke, kikazibwa haraka, nami nilijua ni cha nani. (Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini neno kulia lina maana mbili.) Nikajiambia Moza ndio basi, nitamwambia mama tuhamie Sur.

Mara nikamwona Ami Khalfan anaingia majini na makubadhi yake, taratibu, mpaka akafika nilipo, uso hauna habari yoyote. Akapeleka mkono kichwani, akaanza kukifungua kilemba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukatokea upara ambao kambi nzima haijapata kuuona, mbele ya Wazungu na mbele ya mkewe. Akanipa kile kitambaa.

"Jifunge."

Nikajifunga chini ya maji.

"Kulia na kushoto, zote K?"

"Ndiyo, Ami. Kosa langu."

"Nilikwambia neno zima."

"Ndiyo, Ami."

Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Kilemba changu utanirejeshea. Kimefuliwa, kimepigwa pasi. Ukilete mwenyewe nyumbani kwangu, na mama yako awe pamoja nawe."

Nikarudi Matrah nimekufa nusu. Nikamsimulia mama yote, nikamwambia mzee ananitaka nikafedheheke tena mlangoni kwake, na mama yangu akanitaka nirudie yale maneno ya mwisho, nikarudia, akajifunika uso kwa kanga akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu wewe, kwetu bwana harusi humpelekea nini baba wa mtoto wa kike?"

Nikakitazama kile kitambaa kinachotona maji ya chumvi juu ya kiti. Nilikuwa najua jina la zawadi ile tangu utoto wangu. Kilemba.

Tukakipeleka, na Ami Khalfan akakipokea, akaikagua pasi yake, akamwambia mama, "Alama zake mwenyewe hawezi kuzisoma, lakini alichokifunga hakikufunguka. Isipokuwa kikoi."

Siku ya harusi Moza aliniletea makubadhi mapya, nikataka kuyavaa, nikaona ndani yameandikwa kwa wino, kwa mkono wake mzuri, moja Kulia na moja Kushoto, maneno mazima. Ninayo mpaka leo, na tangu siku ile, chochote nikitiacho alama, hata iwe kopo la chumvi, huandika neno zima, brashi ikiwa nene natafuta nyembamba.