Swap Kubwa ya Désiré

Nakumbuka tulikuwa wanne kwenye depo ile ya dawa, wakati wa vita: Mzee Hamisi wa Buyenzi, mkubwa wa mashine; Zaina karani, mke wa mwana wa Hamisi; Désiré, mtoto wa mdogo wangu Kapitolina, aliyetoka shule juzi tu; na mimi mpika chai. Kapitolina alikuwa kambini, huko milimani, na kipindupindu kilikuwa kimeingia.

Mwanangu, seva ile ya Unix, kompyuta iliyotoa karatasi za dawa, ilikuwa na memware ndogo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na nyingine haikupatikana mjini. Memware ikijaa, mashine inahamishia vitu kwenye diski, mahali panapoitwa swap, kama sisi tulivyopeleka masanduku kwa jirani, ndugu zetu wakimbizi walipojaa nyumbani. Désiré akaweka swap kubwa mno.

"We mutoto, punguza," Hamisi akamwambia. "Ikishindwa, ikatae mbiyo, palepale, tuandike kwa mukono."

"Apana, Mzee. Hii haitakataa hata siku moja."

"Njo hiyo nayoogopa."

Asubuhi ya msafara wa kwenda kambini, makarani wa vituo vyote wakaomba kwa pamoja karatasi za serumu, yale maji ya dripu ya wagonjwa wa kipindupindu. Bila karatasi gari halivuki barieri, kile kizuizi cha barabarani, na askari wanaosindikiza hawangoji mtu. Mashine haikukataa. Haikumaliza pia. Diski inalia krr, krr, kila kitu kinaenda swap na kurudi.

"Désiré, mama yako iko kule," nikamwambia.

"Najua, mama mukubwa. Inatumika, haijasimama. Ngoja kidogo."

Zaina alikuwa ameshika kalamu. Tumaini kwamba mashine itamaliza likamzuia. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema; askari wakaondoka, gari letu likabaki.

Serumu ilipanda na msafara uliofuata. Kapitolina alikuwa ameshazikwa.

Hamisi hakumgombeza Désiré. Alikaa naye, akasema, "Swap ni ya vitu vyenye kulala. Kazi yenye kukimbia, iache mu memware." Wakapima mashine inabeba nini saa ya kazi nyingi, wakaacha nafasi kidogo ya swap kwa siku mbaya, basi.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize tu swap iwe mara ngapi ya memware. Uliza mashine yako inabeba nini saa ya taabu, na ikishindwa unataka kujua lini. Ikiishi kwenye swap kutwa, punguza kazi ama tafuta memware. Usiipanulie pa kujifichia.

Mungu akupe mzigo unaouweza, na ulimi wa kusema mapema ukikushinda. Na yeyote aliyekuwapo, kama nimekosea jina la mtu, anisahihishe. Tumebaki wachache.