Kanuni Niliyoizima

Kanuni ile niliizima mwenyewe, tena kwa hasira. Mwenzangu wa ofisini hapa Kisumu, binti aliyetoka chuo Maseno juzi tu, alikuwa ameiweka kwenye programu inayokagua msimbo wetu wa kompyuta kabla haujaanza kutumika. Ilikataza jambo moja: nafasi inayoweza kuachwa wazi isiwe na njia mbili za kuwa tupu, yaani kuandikwa 'tupu' na kutoandikwa kitu. Mistari yangu yote ikawaka nyekundu.

"Tupu ni tupu," nikamwambia. "Usinifundishe kazi."

Mfumo wetu ulihesabu boti zilizotoka Asembo Bay kwenda ziwani. Karani wa ufuoni alijaza saa ya kutoka na ya kurudi, na boti ikichelewa alibonyeza 'Hajarudi', simu ya mzee wa boti ya uokoaji ikalia.

Siku moja upepo ulianza mchana, na karani akanipigia.

"Bwana, boti ya mume wangu bado iko ndani ya maji. Simu inasema imerudi. Mzee amekataa kutoka."

Nikafungua rekodi. Boti iliyorudi bila mtu kutazama saa iliandikwa tupu. Ya mumewe haikuandikwa kitu kabisa. Msimbo wangu ulizisoma zote mbili kuwa zimerudi.

"Mama, mbona hukubonyeza 'Hajarudi'?"

"Siwezi andika hivyo na mtu yuko majini. Hiyo ni kumwitia mabaya."

Nilimpigia mzee. "Mzee, toka sasa hivi. Simu inadanganya. Mimi ndiye niliyeuandika mfumo wake."

Nikasikia injini ya boti yake ikiwaka.

Tulingoja. Binti hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na guu lililokuwa hatarini halikuwa langu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye kiti kile. Niliiwasha kanuni upya, na mstari uliosoma saa ya kurudi ukawa wa kwanza kuwaka.

Karani alipopiga tena alikuwa akilia. Boti ilikuwa imepinduka. Watu wote wanne waliokuwamo walikuwa wameishikilia, na wote walikuwa hai.

Kesho yake nilikwenda ufuoni na laptopu. Sasa kila boti ilipaswa kuandikiwa neno moja, wala hakuna kuacha wazi.

"Ambaye yuko majini, Mama, tumwandike nini?"

Alimtazama mumewe, aliyekuwa amejifunika blanketi juani.

"Andika 'Anakuja,'" akasema. "Hiyo nitabonyeza."