Mke wa Mama Yangu Studioni

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia sifa nyingine. Kazi yangu ni kuongea na waandishi wa vitabu katika redio moja ndogo hapa Musoma. Kila wiki mmoja anakaa mbele yangu, tunaongea habari za imani, za familia, na jinsi mtu anavyoweza kubaki mtu katika nyakati hizi, na kila mmoja wao namwonea wivu. Alikuja mchungaji mstaafu aliyeandika juu ya ndoa, nikamwonea wivu kwa sababu mkewe alimsindikiza akakaa mapokezi na chupa ya chai ya mumewe mapajani. Alikuja mwalimu wa Mwisenge aliyeandika riwaya huku anasahihisha mitihani, nikamwonea wivu kwa sababu aliimaliza. Mimi kitabu changu, cha maisha ya mama yangu, nakianza kila mwaka na hakijawahi kuvuka sura ya kwanza.

Wivu huo nimeuzoea, nakunywa nao chai. Ule wa mwaka jana ulikuwa wa aina nyingine.

Meneja aliniwekea kitabu mezani, chembamba, kimechapishwa Mwanza. "Huyu ni mtu wa kwenu Butiama," akasema. "Mambo ya imani anayaandika vizuri, utampenda." Nikakigeuza nyuma nione picha ya mwandishi. Alikuwa mke wa mama yangu.

Kwa asiyetoka Mara inabidi nieleze. Kwetu, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba yake isifungwe. Tunaiita nyumba ntobhu. Msichana anazaa na mwanamume wa nje, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Mama alinizaa mimi peke yangu, baba akafariki, kisha mimi nikaolewa Bunda na ng'ombe wa mahari wakaingia zizini kwetu. Hawakuzoea hata majani ya pale. Mama aliwatoa wale wale, akawapeleka upande wa Kibara, akarudi na msichana aliyemaliza kidato cha nne. Mimi nilitoka, yeye akaingia, kwa ng'ombe wale wale. Umri nimemzidi, lakini kwa desturi ni lazima nimwite mama mdogo. Jaribu wewe kumwita mama mtu ambaye ulikuwa sekondari yeye akiwa bado anajifunza kuhesabu vidole.

Kitabu nilikisoma siku ile ile, pale pale mezani, chakula cha mchana nikakisahau. Nilikuwa natafuta makosa. Kanisa lilimtenga mama kwa sababu ya ndoa ile, lakini mama hakuacha kusali. Alihamia benchi la nyuma kabisa, na watu wakipita mbele kwenye meza ya Bwana, yeye hubaki amekaa. Mama mdogo ameandika kwamba yeye aliambiwa angepokelewa kama angekubali kurudi kwao, naye akaenda kukaa na mama benchi la nyuma. Sentensi moja tu, hajajisifu. Mimi nikienda kusali pale huwa napita mbele na wenzangu.

Hiyo niliimeza. Kilichonishinda ni ukurasa wa samaki. Ameandika kwamba mama akipika sato, kichwa humwekea yeye, na hamruhusu mtu mwingine akiguse. Kichwa cha sato kilikuwa changu! Utoto wangu wote mama alinivunjia kichwa kile kwa mkono wake, akanionyesha nyama ya shavuni, na mimi niliamini hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuonyeshwa. Mtu mzima, mwenye watoto wanaosoma, nilikaa kwenye meza ya ofisi nikalia kwa ajili ya kichwa cha samaki.

Alikuja kurekodi siku ya Alhamisi, na gauni lake la kanisani, kabeba kiroba cha viazi vitamu. "Mama amesema uchukue," akasema. Nikamwamkia shikamoo mama mdogo, meno yamebana. Akaitikia marahaba mwanangu, bila hata kutabasamu. Fundi mitambo alitutazama mmoja baada ya mwingine, akavaa vipokea sauti vyake haraka.

Waandishi wengine huwa nawaanza taratibu, nawauliza kijijini kwao kunalimwa nini. Huyu sikumpa hata maji.

"Umeandika habari za mwanamke aliye hai," nikasema. "Wewe ni nani kwake?"

Nilitegemea amwite mama yake mlezi, au bibi wa watoto wake. Ndivyo wanavyosema wengi wakiwa mbele ya watu wasiowajua.

"Mimi ni mke wake. Alinioa kwa ng'ombe, mchana, watu wakiona."

"Na Mungu?"

"Mungu naye alikuwepo. Au wewe unafikiri siku hiyo alisafiri? Sisi tunaombaga pamoja kila jioni. Yeye anaanza kwa kilugha, mimi namalizia kwa Kiswahili. Sijawahi kuona tumerudishiwa maombi."

Nilimuuliza kama haoni aibu kutoa mambo ya nyumba ya watu nje. Akasema ile ni nyumba yake. Nilimuuliza mtu anabakije mtu akishatengwa na wenzake, nikitumaini atajikwaa. Akasema mtu mmoja akikaa na wewe kwenye benchi, hapo hujatengwa, mmehama tu. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyopata mwaka mzima, na nilitamani kumrudishia kiroba chake cha viazi.

"Na mama amekipokeaje kitabu?" nikauliza mwishoni.

"Kusoma si hajui, wewe unajua hilo. Nikianza kumsomea, anasinzia. Ndiyo maana nimekuja huku." Akaiangalia maikrofoni. "Nataka anisikie mpaka mwisho. Mara moja tu."

Alipoondoka, fundi mitambo aliniuliza, "Dada, pale aliposema ni mke wake, tunapaacha palivyo? Watu wa makanisa watapiga simu." Kipindi kizima kilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kukata pale, nikakata na maombi, nikakata na benchi, akabaki mama mmoja wa kijijini anayependa kuandika. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia waandishi wasiogope kusema ukweli juu ya familia zao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Acha yote yalivyo," nikamwambia. Isidhaniwe ni wema. Nilipiga hesabu: yeye anakaa na mama kila siku, mimi naenda pale kwa kuvizia likizo. Nikikata neno, atalirudisha jioni ile ile, na juu yake ataongeza kwamba mwanao ndiye aliyelikata.

Jumamosi, siku ambayo kipindi huruka hewani, nilikwenda Butiama. Nilitaka kuona uso wa mama akimsikia. Kama ungeng'aa, niuone mwenyewe ung'ae, yaishe. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chake kifupi, redio iko juu ya kabati na waya wake umechomekwa dirishani. Mama mdogo alikuwa jikoni nje, anasonga ugali. Kipindi kikaanza. Sauti yangu ikawakaribisha wasikilizaji, kisha ikauliza lile swali langu la kwanza, na kwa kweli lilisikika baya. Nikaona nijitetee mapema.

"Mama, hapo nilimuuliza vile kwa sababu..."

"Nyamaza kwanza wewe." Hata hakugeuka.

Nimesafiri kutoka Musoma, nimemletea sukari na kitenge, naambiwa ninyamaze ili mwingine asikike. Nikainua macho nikamwona mama mdogo amesimama mlangoni na mwiko wake, anacheka mpaka anashika fremu ya mlango.

"Na wewe leo umeipata," akasema. "Mimi hiyo nyamaza nailaga kila Jumamosi. Ukianza tu wewe kuongea humo, humu ndani hata kukohoa ni kosa. Uji uungue, mtoto alie, nyamazeni, mwanangu anaongea. Nilikuwaga nakuchukia mpaka sauti."

"Kila Jumamosi?" nikauliza. Nilitaka aseme tena.

"Kila Jumamosi! Unafikiri kitabu nilikiandika kwa nini?"

"Nyie wawili," mama akasema, sikio lake limelalia kabati, "tokeni nje. Nasikiliza."

Tukatoka. Tulisimama ukutani chini ya dirisha, mimi na mke wa mama yangu, yeye na mwiko wenye ugali, mimi na kitenge ambacho nilikuwa sijakitoa kwenye mfuko. Ndani, sauti zetu zilikuwa zimekaa na mama, naye akizijibu, ee, ee, ndivyo, na sisi hapo nje tulizionea wivu.