Pikapu ya Kiherehere

Kukaa hakujui. Hata chakula alikila amesimama, sahani mkono mmoja, mkono wa pili ukipapasa meza kutafuta bisibisi. Ndiyo maana mtaani walimwita Kiherehere, na yeye aliitika bila kununa, maana jina lilikuwa limempata kweli. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi wa friji na mashine za kufulia, na ukimpelekea friji iliyokufa asubuhi, jioni ulikunywa maji baridi.

Tatizo lilikuwa hilo la kumpelekea. Friji haibebwi kwenye mfuko wa plastiki. Wateja wake wengi walikaa mbali na kibanda chake, kwa hiyo kila kazi ilidai gari la kukodi mara mbili, kuileta na kuirudisha. Mwenye gari alilipwa kwanza, tena kwa ubishi. Kilichobaki kilinunua gesi na vipuri, na Kiherehere akabaki na sifa. Mwenye nyumba hapokei sifa.

Alitaka pikapu. Hakuwa na tamaa ya gari jipya. Alitaka ile nyeupe ya mzee wa duka la mabati, ambayo mlango wake wa kushoto ulifunguliwa kwa nje tu. Mzee alikubali kumsubiri mpaka mwisho wa mwezi. "Baada ya hapo namuuzia yeyote mwenye fedha mkononi," alimwambia, "tusije tukanuniana, mwanangu."

Kiherehere hakutishika, kwa sababu alikuwa amejiandaa. Zamani kidogo mteja mmoja, karani wa ofisi, alimwambia kwamba wakopeshaji hawamwamini mtu ambaye hajawahi kukopa. Maneno hayo yalimkera siku nzima. Yaani asiyedaiwa na mtu ndiye wa kutiliwa shaka. Lakini hakuwa mtu wa kubishana na ukuta, akaanza kukopa kwa simu vijifedha asivyovihitaji. Alivikopa, akaviacha vilale palepale, akavirudisha na riba kabla ya siku yake, halafu akachukua vikubwa kidogo. Kila akiwa na deni usingizi ulimpaa. Alifungua simu, akaifunga, akaifungua tena kuhakikisha deni halijakua lenyewe gizani. Mwaka na nusu alilipia fedha ambazo hakuzigusa, kama mtu anayekodi mwavuli wakati wa kiangazi.

Mama yake hakujua lolote, na Kiherehere aliomba asijue kamwe. Mama alikuwa mshonaji wa mashuka ya hospitali, mpole kwa kila kitu isipokuwa neno deni. Baba alipofariki ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa amekopa huku na huku, na siku moja wanaume wawili wakaja kuchukua makochi mbele ya majirani. Kiherehere, wakati huo mtoto wa shule, alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa anachora. "Inuka, mtoto," mmoja alimwambia, wala si kwa ukali. Aliinuka. Makochi yaliyokuwapo nyumbani sasa mama aliyanunua taslimu, moja moja, kwa miaka. Tangu siku ile mama hakukopa hata chumvi, na mtoto hakukaa tena sawasawa.

Siku aliyokwenda kuomba mkopo wa pikapu, afisa mikopo alikuwa kijana wa rika lake, tai imemkaba shingo. Aliingiza namba ya kitambulisho cha Kiherehere kwenye kompyuta, akasubiri, akaiingiza tena.

"Dada, wewe humu hupo."

"Sipo wapi?"

"Kwenye mfumo. Hujawahi kukopa popote. Ni kama umezaliwa leo asubuhi."

Kiherehere alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akatoa simu na kumwonyesha ujumbe mmoja baada ya mwingine: umekopa, umelipa, asante, umekopa, umelipa, asante. Kijana akaomba namba ya simu, akaandika, na uso wake ukabadilika.

"Laini hii uliisajili wewe?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Laini aliipata akiwa shule, hajafikia umri wa kupewa kitambulisho. Mama ndiye aliyekwenda naye kwenye meza ya wakala na kuweka kidole. Nani angelikumbuka jambo kama hilo miaka yote hii?

"Basi mwenye rekodi ni mama yako," alisema afisa, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo mwanzo haikuwapo. "Huyu ni mteja safi kabisa. Yeye akija leo, gari anapata. Wewe fungua laini yako, uanze upya, tuonane baada ya mwaka."

Alitoka akatembea bila kujua anakokwenda. Alipita kwa fundi viatu mara mbili, akapita kwa muuza magazeti, na miguu ikamfikisha yenyewe kwenye duka la mabati. Mwanaume mmoja alikuwa ameinamia injini ya pikapu huku mzee akimweleza jambo. Mwaka na nusu wa roho juu ulikuwa umempa sifa mtu mwingine, tena mtu mwenyewe hata hakuitaka. Alikasirika mpaka machozi yakamlenga, akageuza njia kwenda nyumbani.

"Kaa chini ndiyo useme," mama alimwambia alipomwona mlangoni.

Hakukaa. Alisema yote huku akiizunguka meza, na mama akamfuata kwa macho mpaka alipomaliza.

"Kwa hiyo mimi nimekopa," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mara moja?"

"Mara nyingi."

"Mara nyingi, na mwenyewe sina habari." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Sasa hivi kuna mtu ananidai?"

"Hakuna. Zote nililipa kabla ya siku."

Kiherehere alijiandaa kupokea maneno yake. Badala yake mama aliuliza kwa sauti ya chini, "Huyo kijana alisemaje juu yangu? Niambie vilevile alivyosema."

"Alisema wewe ni mteja safi kabisa."

"Alisema safi?"

"Safi kabisa."

Asubuhi yake mama alivaa gauni lake la kutokea na kusema apelekwe kwenye hiyo ofisi.

Ofisini alikaribishwa kiti, akakataa. Alimwomba afisa asome kilichoandikwa kuhusu yeye, na kijana akasoma, kuanzia jina lake kamili mpaka mwisho.

"Soma tena, mwanangu. Sikio hili halisikii vizuri."

Sikio lake halikuwa na kasoro yoyote. Kijana alisoma tena, kisha akasogeza karatasi. "Haya mama, tuandike mkopo wa gari kwa jina lako?"

"Thubutu," alisema mama. "Mimi sikopi. Aliyelipa ni huyu. Mimi nilikuwa nashona mashuka yangu. Jina langu lilichafuka mbele ya watu, na aliyelifua ni huyu, kimya kimya. Mkopeshe yeye."

Afisa alijikuna kichwa. Alieleza kwamba mfumo hauelewi mambo ya kufuliana majina. Iko njia moja: asiye na rekodi anaweza kukopa kama akidhaminiwa na mwenye rekodi nzuri.

"Mdhamini kazi yake nini?"

"Ni yule tunayemfuata mkopaji akishindwa kulipa."

"Mnamfuata nyumbani?"

"Ikibidi."

"Mnachukua vitu?"

Kijana aliangalia meza yake. "Ikibidi, mama."

"Mama, twende," Kiherehere alisema. "Nitaanza upya. Mwaka si mrefu." Alisema kweli, na ilimuuma kuliko kitu chochote mwaka ule.

"Nyamaza wewe. Maisha yako yote hujatulia, leo ndiyo unajua kusubiri?" Mama aliweka kidole. Alikiondoa haraka mno, ikabidi kijana amwombe akibonyeze mara ya pili.

Pikapu ilipatikana kabla ya mwisho wa mwezi aliouweka mzee wa mabati. Kazi zikafunguka. Kiherehere alibeba friji mbili kwa safari moja, aliwafikia wateja ambao zamani aliwakatalia, na mwenye gari la kukodi sasa alimsalimia kwa ubaridi. Marejesho ya kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, aliyalipa siku mbili kabla ya siku yenyewe. Mama hakuuliza, na yeye, kwa mbio zake, hakukumbuka kusema.

Siku yenyewe ilipofika, alipita nyumbani mchana kuchukua koleo alilolisahau. Alifungua mlango, akasimama kizingitini. Sebule ilikuwa tupu. Sakafuni zilibaki alama nyeupe za miguu ya makochi, na katikati yake alisimama mama, mikono ameifumbata kifuani.

"Wamekuja?" Kiherehere aliuliza.

"Bado. Makochi yako kwa jirani. Niliyahamisha alfajiri, wasije wakayakuta."

"Mama, nililipa juzi."

Mama alishusha mikono.

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Nisamehe."

Alitoa simu, yenye laini mpya iliyosajiliwa kwa kidole chake mwenyewe, akamsomea ujumbe wote, mpaka neno asante. Mama akataka ausome tena. Safari hii hakusingizia sikio.

Wakaenda kwa jirani. Makochi madogo Kiherehere aliyabeba peke yake. Kubwa walilibeba wawili, mama akiwa mbele na kurudi kinyumenyume, hataki kusaidiwa na mtu mwingine. Walilirudisha palepale, juu ya alama zake. Mama akakaa, akashusha pumzi ya tangu alfajiri, akapiga kochi kwa kiganja.

"Na wewe kaa."

Nje friji ya mteja ilikuwa juani juu ya pikapu, na funguo alikuwa nazo mkononi. Kiherehere alikaa.