Bei ya Kilo, Mbele za Watu

Mwezeshaji wa semina alituambia tusiweke bei. Tulikuwa wajasiriamali ukumbi mzima, hapa Dodoma mjini, kila mmoja na simu yake mkononi, na yeye mbele yetu na suti iliyombana.

"Usiweke bei kwenye posti," alisema. "Andika 'njoo inbox'. Akishaingia inbox, huyo ni wako, unamconvince taratibu."

Watu wakaandika kwenye daftari zao. Mimi nilimwangalia tu kwa hasira. Mimi mwenyewe nikiona "njoo inbox" huwa napita zangu, maana najua muuzaji anataka kwanza kunipima nina uwezo gani.

Hasira ile sikuipata kwenye semina, nimekua nayo. Mama yangu analima zabibu Hombolo, nje ya mji. Tangu nikiwa mdogo, zikishaiva dalali alikuwa akija shambani, anaonja moja, anatema ganda, kisha anataja bei yake. Hakuwahi kusema mjini zinauzwaje. Nasi hatukumbana, kwa sababu zabibu iliyoiva haisubiri mtu. Mvua ikiikuta inapasuka, na baada ya hapo ni chakula cha nyuki. Dalali alilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakuwa na haraka hata siku moja.

Basi msimu uliofuata nikafungua ukurasa wangu mtandaoni. Nilipiga picha zabibu za mama kama zilivyo: ndogo, nyeusi, zina vumbi. Shangazi akanishauri nichukue picha za mtandaoni, zile kubwa zinazong'aa kama plastiki, eti zetu zinatia aibu. Zinamtia aibu nani? Mteja akiletewa tofauti na alichokiona, anakuanika kwenye kila grupu alilomo. Nikaweka picha yetu, chini yake bei ya kilo, na siku ya kupeleka mzigo Mtumba kwenye maofisi ya serikali. Nikaweka na kwenye status ya WhatsApp, asubuhi, wakati watu wako njiani kwenda kazini. Kila aliyeuliza nilimjibu papo hapo, hata yule aliyeandika "bei gani?" chini ya bei yenyewe. Oda zikaanza kuingia.

Ila simu haziko mjini peke yake. Haukupita muda majirani wa mama wakawa wanaonyeshana posti yangu, na dalali alipowaendea na bei yake ya kawaida, wakamcheka usoni. Akaja kwetu.

Alitukuta shambani mimi na mama, tunakata vichala. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa bwawa la Hombolo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akamgeukia mama.

"Mama, huyu binti yako anaharibu soko. Afute alichoandika. Akifuta, leo hii naleta gari nachukua shamba zima kwa bei yetu ya siku zote. Asipofuta, mimi na wenzangu hatukanyagi hapa tena. Mvua ikija, shauri yenu."

Niseme kweli, niliogopa. Oda nilizokuwa nazo hazikufika hata nusu ya shamba, na shamba lile ndilo linalomlisha mama mwaka mzima. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye simu. Kufuta ni kubonyeza tu.

"Kwani umeandika nini?" mama akaniuliza.

Mama hajui kusoma, na simu yake ni ya kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Nikamsomea bei ya kilo kama ilivyo. Akataka nirudie. Nikarudia. Akamtazama dalali, mtu ambaye mama alimtengea kigoda kivulini msimu baada ya msimu, na sauti yake ikatoka kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia.

"Na wewe ulikuwa unajua mjini ni bei hiyo?"

Dalali akaanza habari za mafuta ya gari na ushuru wa barabarani.

"Nimekuuliza. Ulikuwa unajua?"

Akaitupia jicho pikipiki aliyojia. Mama akanigeukia.

"Usifute. Mvua ikija na ije. Hiyo simu yako inachukua na sauti?"

"Inachukua, mama."

"Haya, washa."

Nikaanza kurekodi video. Akasimama katikati ya mizabibu yake, mkasi mkononi, kilemba kimelegea, akasogeza mdomo karibu na simu kama anayeongea na kiziwi. Akasema hizi ni zabibu zake, amezipalilia mwenyewe, na bei ni hii. Akaitaja kwa sauti iliyofika mashamba ya jirani. Dalali alikuwa bado amesimama pale pale, na kwenye video anaonekana, ameinamisha kichwa anatafuta funguo za pikipiki.

Sikukata kitu wala kuongeza muziki. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu ilivyo.

Mvua ilinyesha kweli, na mistari yote ya upande wa bwawa ikapasuka. Mama aliizungukia asubuhi yake, akainua kichala kimoja kimoja. Vilivyobaki tulivikata pamoja, na walioiona video wakavinunua vyote kwa bei aliyoitaja yeye.