Neno Nililolipeleka Mau

Niliondoka Nakuru Jumatatu asubuhi kwa sababu ya neno moja nililoliandika mwenyewe. Kwa miaka mingi nimefundisha chuoni Njoro jinsi Wahuroni, wakulima wa mahindi wa Amerika ya kaskazini, "walivyozoea" Wafaransa: wakauza ngozi, wakabatizwa, wakafa kwa ndui. Halafu nikachapisha makala, na kwa kiherehere cha msomi nikaongeza aya kuhusu Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau. Nao, nikasema, wamezoea. Sikuwa nimewahi kufika kwao.

Wiki iliyotangulia, mwalimu wa huko, Chepkemoi, alinipigia simu. Aya yangu ilikuwa kwenye faili la serikali la kuwahamisha Waogiek kutoka msituni.

Baada ya Elburgon lami iliisha. Boda boda ikaniacha topeni, nikapanda kwa miguu na viatu vyangu vya ofisini.

Saa saba mchana nilifika. Chepkemoi alinipa chai, kisha karatasi.

"Soma, daktari. Kwa sauti."

Nikasoma: "Wamezoea kilimo, msitu si uhai wao tena."

"Babu yangu alifukuzwa msituni, akachomewa nyumba mara mbili. Akapanda viazi ili watoto wale. Hiyo ndiyo kuzoea?" Akanyoosha kidole juu mitini. "Mizinga yangu ile pale. Kesho kutwa kikao cha serikali kinaamua kama tutahama. Nyuki nao niwaambie wamezoea?"

Nikaikunja karatasi, nikamrudishia.

"Na hao Wahuroni wa makala yako," akauliza, "hujiita hivyo?"

"Hapana. Wao ni Wawendat. Huroni ni jina la Wafaransa. Wengine husema lilitokana na kichwa cha nguruwe mwitu."

Alicheka hadi chai ikamwagika. "Basi ni ndugu zetu! Sisi tuliitwa Wandorobo, maskini wasio na ng'ombe. Na wewe, na digrii zako zote, bado unawaita nguruwe?"

Niliandika barua palepale, kwa hasira, nyingi yake ikiwa juu yangu mwenyewe: aliyefukuzwa akatafuta chakula hajazoea, amenusurika.

Jumatano, mjini Nakuru, niliikabidhi kikaoni. Mwenyekiti aliisoma, akanitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa.

"Daktari, hii ni hisia. Ile makala yako ndiyo ya kitaalamu."

Waogiek wakapewa mwezi mmoja wahame. Nilijifunza kwamba uongo wa msomi hauhitaji ushahidi. Ukweli wake ndio huombwa stakabadhi.

Nje, Chepkemoi, aliyekuja kusikia uamuzi, hakulia.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Mizinga ni mizito, na ni neno lako lililosema tuishushe."