Msaka Majina wa Masan

Mvua ya mchana inateleza juu ya kioo cha duka la kutoa kopi mjini Masan, Korea Kusini, na Ok Mi-ran anaandika jina polepole, kama anayemwamsha mtu usingizini. Pyo Sun-nam. Kompyuta inajaa: mgahawa wa supu, mwimbaji, daktari wa meno.

"Huyo wa meno siye," anasema Bibi Cheon, muuza samaki wa sokoni. "Sun-nam wangu alikuwa anaogopa hata koleo!"

Wanawake watatu waliokuja kutoa kopi wanacheka. Kopi zimeshatoka. Haondoki mtu.

Mi-ran, 52, anatoza won mia moja kwa ukurasa. Kutafuta watu ni bure, ingawa wateja hawaji mikono mitupu.

"Mtandao ni soko," anasema. "Ukipiga kelele tu, watageuka wote. Lazima ujue kuita."

Jina analifunga ndani ya alama za kunukuu, lisitawanyike. Mbele ya neno "mgahawa" anaweka alama ya kutoa, na supu yote inapotea. Anafanya hivyo kwa "meno". Daktari naye kwaheri.

Bibi Cheon, 70, wiki ijayo anahamia Kanada kwa mwanawe. Kabla hajaondoka anataka kusikia sauti ya rafiki aliyelala naye chumba kimoja cha kiwanda cha nguo, miaka hamsini na minne iliyopita.

Mi-ran anaongeza "kiwanda". Hakuna kitu.

"Bibi, alikuwa na miaka mingapi?"

"Karatasi zilisema kumi na minane. Lakini wapi! Kumi na minne, mtoto kabisa." Bibi Cheon anashika mdomo. "Mama yangu! Zilikuwa karatasi za dada yake. Wadogo wote tuliingia hivyo, nani angetuajiri?"

"Yaani wiki tatu tunamsaka dada mtu?"

"Mimi nilimwita Sun-nam miaka minne!"

"Basi tumtafute huyo dada."

Mi-ran anafuta "kiwanda", maana dada hakukanyaga huko. Anabana utafutaji ndani ya tovuti ya Hamyang peke yake, wilaya walikozaliwa dada hao. Linabaki jibu moja: jarida la wazee, Pyo Sun-nam, 72, mkausha matunda ya persimoni hodari, na namba ya ukumbi wa kijiji.

Simu inaita. Baada ya kuitwa mtu huko, sauti nzito inauliza, "Mnanitaka mimi, au yule aliyeondoka na jina langu?"

"Huyo mwizi!" anafoka Bibi Cheon, machozi yakimtoka.

"Yuko hapa, anamenya vitunguu saumu. Mal-sun! We Mal-sun!"

"Mal-sun," Bibi Cheon anarudia taratibu, kwa mara ya kwanza maishani.

Jumamosi, Mi-ran anaanza darasa la kusaka watu mtandaoni kwa wanawake wa soko. Ameshaazima viti sita. "Kila mmoja aje na jina moja tu," anasema.

Anamwandikia Bibi Cheon la kwake, Mal-sun, kwenye karatasi, na alama zake za kunukuu, akaende nalo Kanada.

"La nini tena? Namba si ninayo?"

Lakini anaikunja karatasi ile mara nne, anaitia kifuani.